Hotuba ya Mahafali: Nyumba ya Kitambaa Angani

Wahitimu wa ushonaji, uashi na umeme, wanangu, hongereni sana.

Leo hapa Kibondo nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja. Aprili 2016, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilipokea chumba kiitwacho BEAM, kazi ya kampuni ya Bigelow ya Marekani kwa ajili ya NASA. Kuta zake zilikuwa tabaka za kitambaa, zimekunjwa zikakaa padogo, kwa kuwa nafasi ndani ya roketi ni finyu na kila kilo inayopanda ni fedha nyingi.

Tarehe 26 Mei wataalamu wakaanza kukijaza hewa. Tabaka zilizokunjwa muda mrefu zikagoma kutanuka. Hawakulazimisha. Walisimama, wakapima, wakarudi tarehe 28. Mwanaanga Jeff Williams akafungua vali kidogo kidogo, mara 25, kazi ikachukua zaidi ya saa 7, hadi chumba kikafikia urefu wa mita 4. Kilikusudiwa kukaa miaka miwili. Kikaendelea kutumika miaka mingi zaidi, kikiwa stoo.

Fikirini mzigo wa kuta hizo. Hewa tunayoivuta, ikifungiwa mahali ambapo nje hakuna hewa, husukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 10. Katika nyumba za namna hii, mzigo huo hubebwa na nyuzi, mikanda iliyofumwa na mishono.

Wilaya yetu haihitaji kufundishwa thamani ya makazi. Kuanzia 2015, kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipokea maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi, na wengi walianzia kwenye hema. Aliyelala humo usiku wa mvua anajua mshono mzuri ni nini.

Basi msikubali kuambiwa kuwa ufundi ni kimbilio la walioshindwa shule. Pimeni kabla ya kukata. Kazi ikigoma, simameni mtafute sababu. Tena, shoneni sare ya mtoto wa jirani na jengeni choo cha shule kwa uangalifu uleule wa nyumba ya angani, kwa sababu anayevitumia naye ni binadamu, na usalama wake uko mikononi mwenu.

Nendeni mkafanye kazi. Mungu awabariki.