Picha za mikutano ya amani: tumlinde anayeonekana

Maneno yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa mashirika yanayofanya kazi Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini



Tumeombwa tuseme machache juu ya picha tunazopiga katika mikutano na shughuli zetu vijijini. Pengine wengine wanaona hili ni jambo dogo, kazi ya dakika tano kabla ya kupanda pikipiki kurudi. Sisi tunaoishi na watu hawa tunaona ni jambo linalogusa uhai wao.

Hatukatai nguvu ya picha. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa Ulaya na Marekani, na zilisaidia kuuondoa utawala wa Leopold II juu ya Kongo mwaka 1908. Kwa hiyo hatusemi kamera ziachwe nyumbani.

Lakini picha zetu zina kazi nyingine. Ile ya Baringa ilimshitaki mkubwa aliyekuwa mbali. Zetu zinaonyesha majirani ambao kesho watakutana kisimani na sokoni. Mauaji yaliyoanza Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993 yalienea hadi Masisi, na tangu hapo kila jamii inawahesabu wafu wake. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na Watutsi wakiketi pamoja, yule atakayeona picha katika kijiji cha pili haulizi kama mkutano ulikwenda vizuri. Anauliza: nani ameketi mbele? Nani amemshika nani mkono? Wa kwetu wako wapi?

Tena, wenye silaha wanabadilika, lakini picha haibadiliki. M23 iliingia Rubaya mwezi wa nne 2024, Goma mwezi wa kwanza 2025, na Walikale-kati mwezi wa tatu mwaka huo, kisha ikatoka Walikale mwezi uliofuata. Watu walikuwa mahali pamoja, wakubwa juu yao wakawa wengine. Mzee aliyesimama karibu na ofisa wa upande mmoja kwa sababu tu mkutano ulimhitaji, anaweza kuulizwa juu ya picha hiyo na upande mwingine. Na sisi hatutakuwapo kumtetea.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Picha nayo ni ulimi. Ikishatumwa hairudi. Basi tunapendekeza mambo haya.

Kwanza, ruhusa iombwe kabla, kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na mbali na macho ya chifu, askari au mfadhili. Mbele ya mkubwa, nani atasema hapana? Tumweleze picha itakwenda wapi na nani ataiona. Tumwonyeshe kwenye kamera. Akisema ifutwe, ifutwe hapo hapo, na msaada wake usipungue kwa ajili hiyo.

Pili, kuna watu ambao hatuwapigi kabisa. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu zaidi ya 300 walibakwa huko Luvungi na vijiji jirani, Walikale. Wamama wenye mateso kama hayo wakikutana, kuwapiga kwa nyuma hakutoshi kuwaficha. Katika kijiji kidogo, kitenge kinajulikana, mtoto aliye mgongoni anajulikana, mlango wa nyumba unajulikana. Ni vilevile kwa watoto waliotoka katika vikundi vyenye silaha. Tupige shamba walilolima au sabuni waliyotengeneza, nasi tuandike maneno yao bila jina.

Tatu, tuangalie maandishi chini ya picha. Tusiandike kabila la mtu kwa kumtazama uso. Simu nyingi zinaweza kuhifadhi ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa. Tuzime hiyo kabla ya kwenda. Na picha zisilale ndani ya simu tunapopita vizuizi barabarani.

Nne, tufuatilie kazi, tusipange watu mstari chini ya kitambaa chenye jina la shirika. Tarehe 23 mwezi wa kwanza 2008, huko Goma, vikundi vyenye silaha vilitia sahihi kwenye ahadi ya amani, na picha zikapigwa. Kabla ya mwaka kuisha vita vilikuwa vimerudi. Sahihi inapigwa picha kwa dakika moja. Amani inahitaji mtu arudi baada ya miezi: je, soko limefunguka tena? Je, wamama wa pande mbili wanapita njia moja kwenda shambani? Picha za namna hiyo hazina shangwe, lakini ndizo zinazosema kweli.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mkipokea ripoti isiyo na nyuso, msidhani mkutano haukufanyika. Pengine ulifanyika vizuri sana, ndiyo maana tunataka waliokuja waweze kuja tena.

Mwisho, picha zilizoruhusiwa zirudishwe kwa wenyewe, zikiwa za karatasi. Aliyekimbia mara tatu au nne ameacha nyuma ya mlima vyeti, nguo na picha za wazazi wake. Sisi tuna nyuso zao katika kompyuta, wao hawana hata moja. Bei ya kuzichapa ni ndogo. Iingizwe katika bajeti tangu mwanzo, kama mafuta ya pikipiki.