Jina Moja, Jamaa Mbili: Kutunza Orodha ya Wahami kwa Haki

Maneno haya yalisemwa mjini Butembo mbele ya wawakilishi wa wahami, mashefu wa mitaa na jamaa zilizopokea wahami nyumbani mwao. Tunayatoa hapa kwa ajili ya wasomaji wa Beni, Oicha na Lubero ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Najua wengine wenu mmetembea kwa mguu tangu alfajiri, na mnajiuliza kompyuta itawafaa nini watu walioacha mashamba, mbuzi na makaburi ya wazazi wao. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa orodha katika sehemu moja karibu na Beni. Mchana tuliandika jamaa kwenye madaftari, usiku tukanakili kwenye kompyuta, katika ukurasa mmoja mrefu. Kabla ya siku ya ugawaji nikaambiwa niondoe majina yaliyoandikwa mara mbili. Nikaona wanawake wawili wenye jina moja, kijiji kimoja, na watoto watano kila mmoja. Nikasema moyoni: huyu amejiandikisha mara mbili. Nikafuta mstari mmoja.

Kumbe walikuwa wamama wawili. Mmoja alisimama kwenye msururu tangu asubuhi mpaka saa nane, akafika mezani, akaambiwa jina lake halipo. Alirudi bila shitingi, bila bidoni, bila maharagi, na usiku ule mvua ilinyesha. Kesho yake watu wa kijiji chake walisema nafasi yake imeuzwa kwa wenyeji. Wenyeji nao wakajibu kwa hasira. Ilibaki kidogo watu wapigane. Hakuna mtu aliyeuza chochote. Kosa lilikuwa langu, na hata nilipolijua sikuweza kulisahihisha upesi, maana mstari niliofuta haukuacha alama yoyote.

Tangu siku hiyo nimejifunza jinsi orodha inavyopaswa kutunzwa. Ndiyo mambo ninayoleta leo.

Majina yetu

Katika desturi ya Wanande, jina la mtoto hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Ndiyo sababu kila mtaa una Kambale wengi, Kasereka wengi, Kakule wengi, Masika wengi na Kavira wengi. Sisi wenyewe hatuchanganyikiwi, kwa kuwa tunajua huyu ni mtoto wa nani na anakaa wapi. Lakini mwandishi aliyetoka mbali huona jina moja mara ishirini. Tena jina lile lile mmoja ataliandika kwa namna moja, mwingine kwa namna nyingine, kama walivyolisikia.

Kadi ya uchaguzi ingesaidia, lakini wengi walikimbia usiku bila kitu mkononi, na watoto hawana kadi. Nchi yetu nayo haijafanya hesabu ya raia wote tangu mwaka wa 1984. Basi orodha ya wahami inabidi isimame yenyewe.

Majedwali yanayoshikana

Mwaka wa 1970 mtaalamu mmoja Mwingereza, Edgar Codd, aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza njia ya kutunza habari katika majedwali mengi madogo yanayohusiana, badala ya kuzirundika mahali pamoja. Hifadhidata nyingi za leo hufuata njia hiyo. Nitaieleza kwa mfano wetu.

Chukua daftari nne. Ya kwanza ni ya jamaa: kila jamaa hupewa namba yake, na namba hiyo hapewi mwingine kamwe. Ya pili ni ya watu: jina, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya jamaa yake. Ya tatu ni ya makazi: jamaa namba fulani ilitoka Eringeti, ikakaa Oicha tangu tarehe fulani, ikafika Butembo tarehe nyingine. Ya nne ni ya ugawaji: jamaa gani ilipokea nini, na siku gani. Jina linaandikwa mahali pamoja tu. Kwingine kote namba ndiyo inayolishika.

Nguvu yake ni kwamba hifadhidata hukubali kuwekewa sheria, na sheria hizo huzilinda yenyewe. Ukiamuru kwamba kila ugawaji uwe wa jamaa iliyoandikwa, itakataa jamaa ya kubuni. Ukiamuru kwamba jamaa moja isipokee mara mbili katika ugawaji mmoja, itakataa mara ya pili, hata kama mwandishi amechoka au amepewa kitu kidogo. Ukiamuru kwamba jamaa yenye watu isifutwe, itakataa kidole kama changu cha siku ile. Wale wamama wawili wangekuwa na namba mbili, kila moja na watoto wake chini yake, na ningeona mara moja kwamba watoto wa mmoja si watoto wa mwenzake.

Tena kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaokatikiwa na umeme. Ukihamisha jamaa kutoka Beni kwenda Butembo, kuna mambo mawili ya kuandika: kufunga makazi ya zamani na kufungua mapya. Umeme ukikatika katikati, ukurasa wa kawaida waweza kubaki nusu, jamaa ikawa haipo huku wala kule. Hifadhidata iliyotengenezwa vizuri huyachukua mambo yote mawili pamoja, au huyaacha yote mawili. Hakuna nusu.

Programu huria ni nini

Programu ninazozisema ni kama PostgreSQL, iliyoanza mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na MySQL, iliyotolewa na kampuni ya Uswidi mwaka wa 1995. Zinaitwa huria kwa sababu maandishi yake ya ndani yako wazi: mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyabadilisha bila kununua kibali. Mwaka wa 2010 MySQL iliingia mikononi mwa kampuni kubwa ya Oracle. Lakini tangu mwaka wa 2009 baadhi ya waliokuwa wameijenga walikuwa wameshatoa nakala yao, MariaDB, ili kazi isifungwe. Hiyo ndiyo faida ya uhuria: mradi ukiisha, mfadhili akirudi kwao, programu inabaki kwenu.

Haya yamefanyika karibu nasi. OpenMRS, programu huria ya kutunza habari za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka wa 2006, juu ya MySQL. Ushahidi ilizaliwa Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wananchi walipotuma habari za ghasia kwa simu zao. Na huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya Desemba 2004, watu wa kujitolea waliandika programu iitwayo Sahana ili kutafuta waliopotea na kuandikisha waliokimbia. Hapa Kongo, wizara ya afya hukusanya ripoti za vituo vya afya katika DHIS2, ambayo nayo ni huria na husimama juu ya PostgreSQL.

Lakini tusidanganyane. Kutonunua kibali si kusema hakuna gharama. Inatakiwa kompyuta, betri, sahani ya jua, na zaidi ya yote, kijana wawili au watatu waliofundishwa vema. Akiwa mmoja tu, siku atakayokimbia vita ataondoka na ujuzi wote. Intaneti si lazima: kompyuta moja ndogo mezani yatosha kwa jamaa maelfu.

Programu wazi, orodha iliyofungwa

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wengine hufikiri programu ikiwa wazi, majina yetu nayo yako wazi. Hapana. Ufundi wa kufuli hujulikana na mafundi wote, lakini ufunguo wa nyumba yako ni wako.

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameuawa kwa mapanga na risasi. Orodha inayosema nani analala wapi, na ana watoto wangapi, ni kitu cha kuogopwa ikiingia mikono mibaya. Mwaka wa 1994 nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumiwa kwenye vizuizi vya barabara kuchagua nani afe. Kwa hiyo nasema: msikubali nafasi ya kabila katika orodha ya msaada. Njaa haina kabila. Kitu kisichoandikwa hakiwezi kuibwa.

Yanayobaki yafungwe. Katika PostgreSQL na MySQL kila mtumiaji hupewa jina, neno la siri na mipaka yake. Mwandishi aongeze, asifute. Msimamizi wa ghala aone namba ya jamaa na idadi ya watu, asione kijiji walikotoka. Shefu apate jumla ya mtaa wake. Na kila badiliko liache alama: nani, lini, kulikuwa na nini kabla. Sheria ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi, basi mnayo haki ya kuuliza.

Nakala ya akiba ifanywe kila jioni, ifungwe kwa neno la siri, na nyingine iwekwe mji mwingine. Beni na Butembo zina zaidi ya kilometa 50 kati yao. Mji mmoja ukitikisika, mwingine utunze. Tena mara moja kwa mwezi mjaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni kama mbegu usiyojua kama imeoza.

Mambo ya kuuliza

Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, orodha ya waliogusana na mgonjwa ilikuwa njia ya kuokoa maisha. Hata hivyo wengine walijificha, maana hawakuamini walioshika kalamu. Kompyuta haileti imani. Imani huletwa na watu wanaojibu wanapoulizwa. Kwa hiyo anayekuja kuwaandika, muulizeni:

Majina yetu yatakaa wapi, na ni nani atayaona?

Kwa nini mnahitaji kila neno mnaloliuliza?

Jamaa iliyokosekana italalamika wapi, na itajibiwa kwa siku ngapi?

Jamaa ya mwenyeji iliyopokea wahami imeandikwa pia?

Mradi ukiisha, orodha itafutwa au itabaki kwa nani?

Nanyi mashefu, msiongeze shemeji ambaye hakukimbia. Hifadhidata hukataa jamaa isiyo na namba, lakini haiwezi kujua uongo uliouandika kwa mkono wako. Kabla ya ugawaji, someni namba mbele ya watu siku mbili mapema, ili makosa yaonekane wakati bado yanasahihishika. Hilo peke yake lingemsaidia yule mama.

Nilimtafuta, nikamwomba msamaha. Aliniambia shitingi si jambo kubwa. Kilichomwumiza ni kuambiwa mezani, mbele ya watoto wake, kwamba yeye hayupo. Ndugu zangu, mtu aliyefukuzwa kwao asifutwe tena kwenye karatasi. Tuitunze orodha hivyo.