Neno la Kwanza Pikipiki ya Kuazima Inapoanguka



Zamani aliyekuwa na baisikeli kijijini hakukosa wageni. Huyu alikuja kuiazima aende sokoni, yule apeleke habari za msiba, na mwenye mali alitoa kwa kuwa kumnyima jirani ni aibu. Siku hizi pikipiki imeshika mahali pa baisikeli, na desturi ya kuazimana imebaki ile ile. Lakini chombo si kile kile, na hapo ndipo taabu huanzia.

Na afikiriwe mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika sehemu za Kakamega, aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa chama cha akiba na ambaye bado analipa. Jumamosi jioni mwana wa jirani, kijana aliyemaliza shule ya sekondari, anamjia kwa adabu: “Mwalimu, naomba nifike dukani mara moja kumnunulia mama dawa. Kuendesha najua.” Mwalimu anampa ufunguo. Hata dakika 5 hazijapita, watoto wanakuja mbio wakipiga kelele. Pikipiki imo mtaroni, na kijana ameketi kando yake ameshika kiwiko, macho yake chini.

Watu wamekwisha kukusanyika. Hawamtazami kijana tena. Wanamtazama mwenye mali anayekuja, wapate kusikia atakalosema.

Neno lake la kwanza lapasa kuwa “pole”, na la pili, “Umeumia wapi?” Maneno haya si pambo. Mtu aliyeshtuka aweza kusimama na kusema hana kitu, kumbe mfupa umevunjika. Naye akikaripiwa huficha maumivu yake kwa kuona haya. Akilalamika shingo au mgongo, asivutwe mikono kama gunia, wala helmeti isitolewe kichwani ikiwa anapumua vyema. Aachwe alale hivyo hivyo mpaka mwenye ujuzi afike. Mtu mwingine na azime injini, kwa maana petroli huweza kumwagika pikipiki ikilala ubavu, na wavuta sigara hawakosekani penye mkutano wa watu. Bomba la moshi nalo ni la moto, basi watoto waondolewe. Usukani uliopinda waweza kungoja. Lisilongoja ni dawa ya mama, ambayo kila mtu ameisahau: atumwe mtu dukani kabla ya giza.

Wengi katika hali hii huuliza kwa hasira, “Si ulisema wajua kuendesha?” Kijana hakusema uongo kwa kadiri ya ujuzi wake. Alijua baisikeli. Baisikeli humfunza mtu kwamba mikono yote miwili, ikiminya, hushika breki. Katika pikipiki ya kawaida mkono wa kushoto ni wa klachi: ukiminywa, injini huachana na gurudumu, na chombo huendelea kuteremka. Breki ya nyuma iko chini ya mguu wa kulia, ambao zamani ulizoea pedali tu. Tena mkono wa kulia ndio unaozungusha mafuta. Chombo kikiruka mbele ghafula, mwili hubaki nyuma. Mtu hushikilia kwa nguvu asianguke, na kule kushikilia kwenyewe huzidi kuvuta mafuta, hata kadiri anavyoogopa ndivyo anavyokwenda kasi. Akitoa miguu akizuie, hakizuiliki, kwa kuwa uzito wake ni kilo 100 na zaidi. Mwalimu alijifunza haya zamani akayasahau, kama mtu asahauvyo siku alipoanza kutembea. Ndiyo sababu hakumwuliza kijana hata swali moja.

Sheria nayo haimwachi mwenye chombo. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, humkataza kumruhusu mtu asiye na leseni ya chombo cha namna ile kukiendesha. Basi mwalimu akisimama ukingoni mwa mtaro akitukana, anatukana kosa ambalo sehemu yake ni lake mwenyewe.

Je, aseme hakuna neno? Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili. Mtu husema, “Hakuna neno, ni chuma tu,” naye moyoni ana neno kubwa. Juma halijaisha, habari imekwisha kuenea katika kila kioski cha chai, na baba wa kijana huisikia kwa watu wengine. Heri aseme kweli: “Habari ya pikipiki tutaizungumza kesho.” Kesho, kwa maana jioni ile damu imechemka, na hesabu haifanyiki vyema.

Kesho yake fundi aandike bei ya kila kitu: mkono wa breki, kioo, taa ya ishara, kunyosha usukani. Gurudumu lililokuwa limekwisha tangu zamani lisitiwe humo. (Wapo wanaotaka kutengenezewa pikipiki nzima kwa mtaro mmoja.) Wala bima isitumainiwe bure. Ile ambayo sheria, Sura ya 405, humlazimisha mwenye chombo kuwa nayo ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho barabarani. Usukani wake mwenyewe hailipi.

Ndipo mwalimu anakwenda kwa jirani, ndani ya nyumba wala si mbele ya watu. “Mzee, kwanza nimekuja kumwona mgonjwa.” Kijana, mkono umefungwa kitambaa, anasema atalipa yote. “La,” asema mwalimu, “nusu ni yangu, kwa sababu nilitoa ufunguo bila kuuliza. Nusu yako utalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.” Baba wa kijana, aliyekuwa akingoja maneno makali, anaita chai.

Ile nusu isifutwe kwa huruma. Kijana aliyesamehewa yote huenda akaizunguka nyumba ile kwa haya, lakini anayelipa hupita mlangoni akaamkia.

Kiwiko kikiisha kupona, na leseni ya kujifunza ikiisha kupatikana, mwalimu ampeleke kijana asubuhi katika uwanja wa mpira. Kwanza injini iwe imezimwa, amfunze kazi ya kila mkono na kila mguu, na hasa kuulegeza mkono wa kulia anaposhtuka.