Jeni Nzima Iliyozimwa: MLH1 na Saratani ya Utumbo Mpana



Tukiambiwa saratani imetokana na jeni, tunafikiria jeni iliyoharibika: herufi imepotea, au imeingia isiyo yake. Jioni hii nazungumzia jeni ambayo herufi zake zote zipo mahali pake, lakini imezimwa, na kuzimwa huko kunaweza kufungua njia ya saratani ya utumbo mpana.

Jeni yenyewe ni MLH1, iliyotambuliwa mwaka 1994 kwenye kromosomu ya 3. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, na makosa hayakosekani. Protini ya MLH1, ikishikana na mwenzake PMS2, husaidia kuyaondoa kabla hayajawa ya kudumu. Paul Modrich wa Marekani, aliyeonyesha hatua kwa hatua jinsi kazi hiyo inavyofanyika, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar.

Mwanzoni mwa jeni hii kuna kipande cha kuiwashia, kilichojaa herufi C zinazofuatwa na G. Kwa kawaida C hizo ziko tupu. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, vimeng'enya huzibandika methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, basi. DNA hujikunja na kubana, jeni isisomeke tena. Fundi yupo na zana zake zote, ila karakana imepigwa kufuli. Tena seli ikigawanyika, alama hizo hunakiliwa pia, na kizazi chote cha seli hiyo hubaki na karakana iliyofungwa.

Hapo makosa huanza kurundikana, nayo hayaangukii popote tu. Jeni ya TGFBR2, inayosaidia kuzuia seli za utumbo zisikue ovyo, ina sehemu yenye A kumi mfululizo. Wakati wa kunakili ni rahisi kuteleza hapo: A kumi zikawa tisa, na protini yote inayofuata ikavurugika. Kinachonishangaza mpaka leo ni hiki: jeni ambayo haijaguswa hata herufi moja inasababisha herufi za jeni nyingine kuharibika.

Katika kila saratani 100 za utumbo mpana, takribani 15 zina hitilafu hii ya urekebishaji. Kama 3 hivi zinatokana na ugonjwa wa Lynch, ambao mzazi humrithisha mtoto. Zilizobaki, karibu zote ni MLH1 iliyozimwa kwa methili.

Kwenye darubini huwezi kutofautisha MLH1 iliyokosekana kwa urithi na iliyozimwa kwa methili. Sampuli ikitiwa rangi ya kutafuta MLH1, viini vya seli za saratani hubaki na rangi ya samawati, wakati viini vya seli za kinga zilizo jirani vinang'aa kahawia. Jirani naye asipokuwa na kahawia, kipimo kimeharibika, rudia. Lakini kukosekana kwa kahawia kunakwambia protini haipo, hakukwambii kwa nini: ni methili au ni urithi.

Kwa mgonjwa mwenyewe, tofauti hiyo haibadilishi sana tiba. Makosa mengi huzaa protini ngeni nyingi, na kinga ya mwili huzitambua. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020, wagonjwa wa namna hii ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, waliopewa pembrolizumab, dawa inayoisaidia kinga hiyo kushambulia saratani, walikaa miezi 16.5 kwa wastani wa kati kabla ugonjwa haujaendelea; waliopewa kemotherapi walikaa 8.2.

Kwa watoto wake, tofauti ni kubwa mno. Ndiyo maana hutafutwa badiliko la V600E kwenye jeni ya BRAF: likiwepo, karibu kila mara ni methili, na hofu ya urithi hupungua sana. Lisipokuwepo, hupimwa methili yenyewe; nayo isipopatikana, hupimwa damu kutafuta hitilafu ya urithi.

Wenzangu wa maabara na wodini, tusiandike "MLH1 haipo" tukafunga faili. Nanyi wananchi, ndugu yenu akipatikana na saratani hii, mwulizeni daktari kama MLH1 imepimwa, na kama haikuonekana, mwulizeni imekosekana kwa sababu gani.