Safari ya mwambao: tusimame wapi, na kwa nini

(Maneno ya kamati katika mkutano wa wanashirika, Uvira. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumepewa dakika ishirini na tutajaribu tusizipite, maana jua la leo ni kali na huko nyuma kuna sufuria ya mikeke inatungojea. Tumesimama kuongea juu ya ile safari ya gari, kutoka hapa Uvira mpaka Baraka, tukifuata mwambao wa ziwa. Mkutano uliopita wengi waliuliza: shirika la kusaidiana lina kazi gani na matembezi? Mwenzetu mmoja akasema wazi kabisa kwamba pesa ya wagonjwa na misiba haiwezi kwenda kutazama maji. Ana haki ya kusema hivyo. Tutamjibu, lakini kwanza tuseme wazo hili lilitoka wapi.

Watoto wetu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani wanatutumiaka picha. Mmoja alituma picha ya gari yenye kitanda ndani, jiko dogo na tangi ya maji. Akaeleza kwamba huko familia inapanda gari ya namna hiyo, inafuata kando ya bahari, inasimama pale inapopenda, na usiku inalala humo humo. Tulicheka sana. Mzee mmoja akauliza kama kuku nao wana nafasi yao. Kisha tukaacha kucheka, tukaanza kufikiri. Mwambao sisi tuko nao. Ziwa letu lina urefu unaopita kilometa 670, na kina chake kinapita meta 1 400. Barabara ya taifa namba 5 inalifuata upande huu: ukienda kusini, milima iko kuume na maji yako kushoto, karibu njia yote. Kitu ambacho hatuna ni ile gari, na ile desturi ya kusimama.

Hiyo ya kusimama ndiyo inatuuma. Mnakumbuka mwaka jana tulivyokodi gari kwenda ku msiba Baraka. Tuliondoka saa nane ya mchana, watu wamebanana na mizigo ya mwenye gari. Kati yetu alikuwamo mama mmoja ambaye kijiji chake kiko mbele kidogo ya Swima. Mara mbili aliomba tusimame, hata dakika kumi, aone pale mume wake alipompandisha mu mtumbwi pamoja na watoto mwaka 1996, yeye mume akabaki. Shofere alijibu kwamba saa zimeenda. Kumbe hata hatukufika mapema: pine ilipasuka, ya kubadilisha haikuwepo, na giza likatukuta njiani. Yule mama hakusema kitu usiku mzima. Asubuhi alisema neno moja tu: "Nimepita kwetu kama mzigo."

Hatumlaumu shofere peke yake. Sisi kamati ndio tuliokubali kuondoka saa nane, na sisi ndio hatukuuliza habari ya pine.

Sasa jibu la lile swali. Wengi wetu tulirudi kwa boti za HCR kutoka Kigoma, tangu ile misafara ilipoanza mwezi wa kumi 2005. Tulishushwa Baraka, tukapewa vyakula na vyombo, kila mtu akaambiwa aende kwao. Lakini si wote tuliofika kwetu. Wengine walikuta shamba lina mtu mwingine. Wengine waliogopa, wengine walifuata shule na kazi hapa mjini. Watoto wetu waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu wanajua Kasulu na Kigoma kuliko wanavyojua Mboko. Ukimwuliza kijana wa miaka ishirini na tano mto wa kwao unaitwaje, anakuangalia tu.

Na mipaka ya mashamba yetu, ndugu zangu, haijaandikwa mahali. Iko mu kichwa cha mzee: huu mwembe, ile mikoma mitatu, lile jiwe. Miaka hii shirika limeshaitwa mara nyingi kusaidia wanashirika wenye kesi ya shamba. Kila mara chefu wa lokalite anauliza: nani anamjua huyu kijana? Alikuja lini? Nani anamshuhudia? Mzee ambaye angejibu tumeshamzika. Tulitoa pesa ya sanduku, hatukutoa pesa ya kumpeleka akaonyeshe mpaka angali hai. Kwa hiyo safari hii kwetu si matembezi. Kama maji ya ziwa yatapendeza macho njiani, na yatapendeza, hiyo ni faida juu ya faida.

Basi huu ndio mpango.

Gari. Tutakodi minibasi ya nafasi 18, tutoe viti vya safu mbili za nyuma. Pale tutaweka matela mbili, sufuria, mkaa na bidoni za maji. Hiyo ndiyo gari-nyumba yetu, tusionee wivu ile ya Marekani. Usiku wamama wazee watalala ndani ya gari, wengine wataomba darasa ku parokia. Itabaki nafasi ya watu 13 pamoja na shofere. Kabla ya kulipa hata franka moja, watu wawili wa kamati watakagua pine zote, pine ya kubadilisha, jeki, breki na taa. Na mwenye gari hataweka mizigo yake. Hilo litaandikwa mu mapatano.

Watu. Wazee watano, na kila mzee atakwenda na kijana mmoja wa ukoo wake. Hao ni kumi. Wa kumi na moja ni mwenzetu muuguzi, wa kumi na mbili ni mtu mmoja wa kamati. Tutaanza na familia ambazo mzee wake ana umri mkubwa zaidi, au zile zenye mpaka wa shamba unaogombaniwa. Familia nyingine zitafuata kiangazi cha mwaka kesho.

Wakati. Mwezi wa saba, watoto wakiwa mu vakansi na mvua imekatika. Nyinyi mnajua mito inayoshuka ku milima inafanyaka nini ku barabara na madaraja wakati wa masika. Kiangazi kina vumbi na upepo wa kusini unasumbua wavuvi, lakini gari inapita.

Siku ya kwanza tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tunasimama kwanza Kalundu, hapa karibu ku bandari. Mtatuuliza, Kalundu tunaijua, ya nini? Ni kwa ajili ya wazee wetu. Tangu 2020 ziwa limepanda mara kadhaa, limeingia mu nyumba na mu barabara. Tunataka wazee waone mapema pale maji yalipofika, wajitayarishe moyoni, kwa sababu kivuko ambacho mzee amekiweka mu kichwa tangu 1996 anaweza kukuta kimemezwa. Ni vizuri huzuni hiyo imkute akiwa na watu kando yake.

Kituo cha pili ni Makobola. Hapo waliuawa mamia ya watu, kuanzia tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1998 mpaka siku za kwanza za 1999. Baadhi yetu tuna watu wetu hapo. Tutakaa muda wa saa moja. Muziki wa gari utazimwa kabla hatujafika, na vijana wataacha simu ndani ya gari. Mzee akitaka kuongea, aongee. Asipotaka, tusimkamue maneno. Sala moja, kisha tunaendelea.

Mchana tunakula Swima. Baada ya hapo mwambao unatupa vijiji vyetu kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo gari itasimama kwa ajili ya wenyewe. Kila mzee ana saa mbili kwao. Anaanza kwa chefu wa lokalite, anamtambulisha kijana wake kwa majirani, kisha wanatembea mpaka. Kijana anaandika mu daftari: mto, mti, jiwe, majina ya majirani wa pande zote nne. Chefu na mashahidi wakikubali, watie sahihi. Daftari si hati ya ardhi, tusidanganyane. Lakini ni afadhali kuliko kichwa kitupu.

Usiku wa kwanza tunalala Mboko. Pale wazee watapumzika kidogo ku mchanga. Mwezi ukiwa hauko, mtaona taa za wavuvi zimetanda ku ziwa kama mji mwingine. Asubuhi tunangoja mitumbwi irudi, tunanunua ndakala mbichi, tunakaanga pale pale. Hii si lazima sana kwa mambo ya mashamba, lakini tumeiweka na hatuitoi.

Siku ya pili tunamaliza vijiji vilivyobaki, kisha tunasimama Lusenda. Hapo kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa 2013. Tutaomba ruhusa ya CNR mbele ya wakati, na tutapeleka sabuni na nguo kidogo kwa wamama. Kuna mwanashirika alisema hatuna cha kuwapa. Sisi tulikaa kambini miaka na miaka, tunajua mkimbizi anakumbuka nani alikuja kumsalimu. Vijana wetu waliozaliwa chini ya hema hawatahitaji maelezo marefu pale. Jioni tunafika Baraka, kabla ya giza.

Siku ya tatu asubuhi tunakwenda ziwani, pale boti ziliposhusha watu, tukiangalia Ubwari ng'ambo ya ghuba. Saa nne kamili tunageuza gari, ili saa kumi tuwe tumeshafika Uvira. Kurudi hatusimami ovyo.

Sasa mambo ambayo yakisahauliwa yanaharibu safari.

Maji ya kunywa. Kolera iko ku mwambao huu, hapa Uvira na kule Fizi pia. Hakuna kunywa ziwa, hata kama mzee atasema alikunywa miaka yote na hakufa. Watu 13, lita tatu kwa siku, siku tatu, ni lita 117. Tunabeba bidoni sita za lita 20, zilizotiwa dawa. Muuguzi atakuwa na unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na sabuni ya mikono itakuwa mbele, si chini ya mizigo.

Kuoga. Ziwa letu linashuka ghafla. Hatua tano maji yako ku magoti, ya sita huna chini. Kijana haingii peke yake.

Karatasi. Kila mtu abebe karte yake. Tutakuwa na orodha ya abiria yenye muhuri wa kartye, kopi kumi. Ku bariere anaongea mtu mmoja tu, yule wa kamati, kwa heshima na bila haraka. Vijana wenye mdomo, mmesikia.

Usalama. Siku tatu kabla, na tena jioni ya mwisho, tutapiga simu ku Makobola, Swima, Mboko, Lusenda na Baraka, kwa watu tunaowajua. Kituo kimoja kikisema msije, hatuendi. Hakuna atakayetubembeleza eti pesa ya gari imeshalipwa. Mapatano yatasema siku inaweza kusogezwa.

Pesa. Kasha la wagonjwa na misiba halitaguswa hata kidogo. Tunafungua daftari lingine, kama likelemba. Familia 18 zimekubali kutoa franka 2 000 kila juma, kwa majuma 26. Hiyo ni franka 936 000. Tumeongea na mashofere wawili, inatosha gari, mazutu na chakula, na inabaki kidogo ya dharura. Funguo ziko kwa watu watatu, na hesabu itasomwa hapa kila mwezi. Safari isipofanyika, pesa inabaki pale pale ikingoja, au kila mmoja anarudishiwa yake.

Wapendwa, tumemaliza, na dakika zetu pia. Juma lililopita tulikwenda kumwona yule mama, tukamwuliza kama atakubali kupanda gari na sisi tena. Alinyamaza. Kisha akauliza tutaondoka saa ngapi. Tukamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa anafua nje, akamwambia: "Tafuta daftari." Jina lake ndilo la kwanza ku orodha.

Zimebaki nafasi nne za wazee. Mwenye swali aulize sasa, kisha tupige kura kwa mikono.