Jiwe la pande sita: lijue kabla ya kuliuza

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu berili na madini adimu



Jambo la leo ni jiwe. Baada ya mvua, mchungaji huliokota korongoni: lina rangi ya buluu au kijani kilichofifia, na pande sita kama penseli. Jioni dalali hulinunua kwa pesa za unga. Mchungaji hufurahi, lakini hajui ameuza nini.

Jiwe hilo huenda ni berili. Hupatikana kwenye pegmatiti, yaani mishipa myeupe au ya waridi inayokatiza miamba, yenye vipande vikubwa vya kwatzi, feldspa na ulanga. Graniti ilipopoa chini ya ardhi, elementi ambazo hazikupata nafasi katika madini ya kawaida, kama beriliamu, lithiamu, niobiamu na tantalamu, zilibaki kwenye uji wa mwisho wenye maji mengi. Uji huo ulipenya kwenye nyufa, ukaganda. Ndiyo sababu madini adimu hukutwa pamoja hapo.

Kisu cha chuma hakiwezi kukwaruza berili. Kikikwaruza, pengine ni apatiti, ambayo pia ina pande sita. Jiwe jeusi lililo zito kuliko ukubwa wake huenda ni koltani, au chuma tu. Maabara ndiyo huamua.

Berili angavu ya buluu huitwa akwamarini. Ya kijani kilichokolea ni zumaridi. Yenye ukungu na nyufa haifai kuwa kito, nayo huuzwa kwa kilo kwa ajili ya beriliamu, metali iliyotumika kutengeneza vioo vya darubini ya anga ya James Webb. Bei ya kito na bei ya kilo ni mbingu na ardhi. Kwa hivyo msilipasue jiwe kwa nyundo ili kuona ndani. Mkilivunja, mmevunja bei yake.

Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya Jamhuri kwa niaba ya wananchi. Mkenya mtu mzima anaweza kuomba kibali cha mchimbaji mdogo, kisichozidi miaka 3, ambacho huweza kuongezwa. Shamba la mtu halichimbwi bila idhini yake. Mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Jiwe linalouzwa gizani haliiletei jamii hiyo hata senti.

Koltani na lithiamu zimo katika orodha ya madini 14 ya kimkakati iliyotangazwa 2023. Ukizishuku, toa taarifa, usichimbe kisiri.

Mwisho ni uhai. Shimo lisilo na nguzo huporomoka, hasa baada ya mvua. Vumbi la kwatzi na la berili huharibu mapafu pole pole: lowesheni mwamba kabla ya kuponda, na watoto wasikaribie.

Ukiokota jiwe, andika ulipolipata, lifunge kwa kitambaa, ulipeleke kwa afisa wa madini kabla ya dalali. Jiwe limengoja chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Halitaharibika likingoja wiki moja zaidi.