Mkono Unaomgusa Mgonjwa

(Somo: 1 Kor. 8:7-13)



Katika somo la leo Mtume Paulo anawajibu Wakristo wa Korintho waliouliza kama ni halali kula nyama iliyotolewa kwa sanamu. Paulo ajua kwamba sanamu si kitu, na kwamba mwenye imani thabiti ana uhuru wa kula. Hata hivyo yu tayari kuiacha nyama maisha yake yote, iwapo kula kwake kutamwangusha ndugu aliye dhaifu. Paulo aitazama haki yake, kisha amtazama ndugu yake.

Swali la namna hiyo limeingia katika hospitali na zahanati zetu: je, mhudumu wa afya alazimishwe kuchanjwa?

Mwaka 2004 hospitali ya Virginia Mason, mjini Seattle, Marekani, ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wote watachanjwa dhidi ya homa ya mafua makali. Chama cha wauguzi kilipinga, kikashinda, kwa sababu mwajiri hakujadiliana nacho kwanza. Nchini Kenya, Agosti 2021, serikali iliwaagiza watumishi wa umma wachanjwe dhidi ya UVIKO-19 kabla ya tarehe 23 ya mwezi huo, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Hapa Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo hiyo tarehe 28 Julai 2021 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na wazee na wenye magonjwa sugu. Lakini chanjo ilikuwa ya hiari.

Hiari ni neno zuri, tena ni neno zito. Tarehe 21 Desemba 2020, idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilifundisha kwamba chanjo ya UVIKO-19 yapasa kuwa ya hiari. Lakini iliongeza kwamba anayeikataa kwa sababu ya dhamiri hana budi kufanya kila awezalo asiwe njia ya kuwaambukiza wengine, hasa walio dhaifu. Basi sheria inapotuachia uhuru, upendo hautuachii.

Sisi wa Endasak, chini ya Mlima Hanang, twalielewa jambo hili zizini. Mfugaji mwenye busara hachanji ndama kwa ajili ya ndama huyo peke yake. Afikiria kundi zima, na kundi la jirani wanaokutana naye kwenye maji. Je, binadamu si zaidi ya ng'ombe?

Tumfikirie mama aliyejifungua usiku, na mzee mwenye kifua aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali. Mgonjwa hachagui mkono utakaomgusa. Naye mwenye mafua makali aweza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia kuumwa. Chanjo haizuii kila ugonjwa, lakini hupunguza hatari. Na aliyekabidhiwa wanyonge hawezi kusema kwamba afya yake ni shauri lake mwenyewe tu.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusiwahukumu wauguzi wetu. Wengi wao huhudumia umati kwa vifaa haba na usingizi mchache. Mwenye hofu asidharauliwe. Asikilizwe, aelezwe kweli kwa lugha anayoielewa. Kitisho chaweza kuupata mkono wa mtu, lakini hakipati moyo wake.

Tena tusiwanyoshee kidole wauguzi peke yao. Katekista anayemtembelea mgonjwa, padre anayempelekea Komunyo, jirani anayeingia kumpa pole mzazi: sisi sote tu mikono inayogusa. Ni mara ngapi tumeingia katika nyumba ya mgonjwa huku tukikohoa, tukidhani kwamba kubaki nyumbani ni kukosa upendo? Siku hiyo huenda upendo ulikuwa kubaki, na kumtuma mwingine.

Juma hili, kabla ya kuvuka kizingiti cha mgonjwa, tujiulize kama Paulo: uhuru wangu utamfanya nini ndugu yangu, ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake?

Mungu awabariki wagonjwa wetu na wote wanaowahudumia. Amina.